Tulipotafuta nyumba pamoja na mbwa wetu

Mara nyingi watu wazungumza juu ya taabu ya kutafuta nyumba mjini. Kodi ni kubwa, vyumba ni vidogo, na mwenye nyumba auliza maswali mengi kuliko hakimu. Hayo yote mwayajua. Sisi twataka kueleza taabu moja ambayo haisemwi sana: taabu ya jamaa inayotafuta nyumba huku inafuatwa na mbwa. Labda wengine watacheka. Sisi nasi tulicheka mwanzoni. Lakini jambo hili lilitufundisha mengi juu ya ukweli, na juu ya hofu ya watu wengine, wala hatukuyajua tulipokuwa na nyumba yetu wenyewe.

Hapo kwanza tulikaa Buhene, upande wa kaskazini wa mji wa Goma. Nyumba ilikuwa ya mbao, yenye mabati, na kiwanja kidogo cha mawe meusi. Mbwa wetu, jina lake Bobi, alilala mlangoni. Hakuna aliyetuuliza kwa nini tunaye, maana kila mtu ni mkubwa katika kiwanja chake.

Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipasuka. Watu wazima walikumbuka tarehe 17 Januari 2002, siku ule mto wa moto ulipopita katikati ya mji hata ukaingia ziwani. Safari hii moto ulishuka upande wetu, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa. Sisi tulikimbia usiku pamoja na watoto wanne, godoro moja na sufuria mbili. Mtoto wetu wa kwanza, mwenye miaka 13, alikuwa amefungua kamba ya Bobi bila kuagizwa. Asubuhi tuliporudi kutazama, nyumba haikuwapo. Palikuwa na jiwe jeusi lenye kutoa moshi, na Bobi alikuwa akilizunguka na kunusa, kama mtu atafutaye mlango.

Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, serikali iliamuru watu wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma waondoke, kwa kuogopa moto wa pili. Tukapanda mashua kwenda Bukavu. Mwenye mashua alimtazama Bobi, akasema, «Huyu atalipa kama mzigo.» Tulilipa. Hatukujua kwamba neno hilo lingetufuata muda mrefu: mbwa ni mzigo.

Nyumba hapana kwa mbwa

Huko Bukavu kaka yetu mkubwa alitupokea katika nyumba yake ya Kadutu. Mungu ambariki. Lakini vyumba vyake vilikuwa viwili, na jamaa yake watu saba. Mwezi wa Juni watu wa Goma waliitwa warudi kwao. Sisi hatukuwa na pa kurudi. Mmoja wetu, aliye mwalimu, alipata kazi katika shule ya Bukavu. Basi tukaazimu kutafuta nyumba ya kukodi.

Anayeujua mji wa Bukavu ajua jinsi ulivyobanwa. Vilima vyashuka ziwani, nyumba zapandana kama ngazi, na mvua ikinyesha sana udongo waanguka na kuchukua kuta. Mahali palipo tambarare ni ghali. Mahali palipo rahisi kodi yake, mara nyingi ni kiwanja kimoja chenye jamaa tatu au nne: bomba moja la maji, choo kimoja, kamba moja ya kuanikia nguo. Kumleta mbwa mahali kama hapo si kumleta kwako tu. Ni kumleta kwa watu wote wa kiwanja. Jambo hilo tulichelewa kulifahamu.

Tulimchukua komisyonere, yule mtu anayetafutia watu nyumba na kupewa malipo ya kazi yake. Alitupeleka kwanza Ndendere. Baba mwenye nyumba alituuliza: watoto wangapi? Kazi gani? Mnasali wapi? Akaridhika. Ndipo alipomwona Bobi amekaa nyuma yetu kwa adabu.

«Huyu ni wa nani?»

«Ni wetu, Baba.»

«Nyumba ipo. Kwa mbwa, hapana.»

Nyumba ya pili, jibu lile lile. Nyumba ya tatu, mama mmoja alisema kwamba jirani yake ni Mwislamu, na mate ya mbwa yangemtia taabu kila anapojitayarisha kusali. Yeye hataki kuharibu ujirani wa miaka 20. Tulikasirika siku ile. Leo twasema kwamba mama huyo alisema vema. Nyumba ya nne, mwenyewe hakutoa sababu, alifunga mlango.

Na kila tulipotembelea nyumba, komisyonere alitaka kitu kidogo. Mwezi ukaisha, fedha ikapungua, na shemeji yetu akaanza kuhesabu vikombe vya unga. Hatumlaumu hata kidogo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na sisi tulikuwa tumekaa siku 40.

Uongo wetu

Hapo komisyonere alitupa shauri. Alisema, «Mwalimu, mbona wajitesa? Msimtaje mbwa. Lipeni, ingieni, laleni. Mtu akiisha ingia, nani atamtoa?»

Tulisikiliza shauri lile. Twasema bila kujificha: tulilisikiliza sote wawili, bibi na bwana, usiku mzima, na asubuhi tukalikubali.

Nyumba ilikuwa Bagira, vyumba viwili na sebule. Tulilipa garanti ya miezi mitatu. Yafaa wasomaji wajue kwamba sheria ya tarehe 31 Desemba 2015, namba 15/025, yasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu. Wenye nyumba wengi wataka zaidi, na wapangaji wengi hawajui. Baba huyu hakutaka zaidi. Alikuwa mtu wa haki, na hilo ndilo linalotuletea haya mpaka leo.

Tulimwingiza Bobi usiku ndani ya gunia. Tukawaambia watoto: «Mtu akiuliza, semeni hakuna mbwa.» Mchana tulimfungia chumbani, dirisha limefungwa. Mnyama aliyezoea kiwanja na upepo alikaa gizani, naye hakubweka. Watoto waliporudi kutoka shuleni walimkuta anatetemeka.

Siku ya nane mwenye nyumba alikuja kutazama mabati. Alimwona binti yetu mdogo, mwenye miaka 6, akamwuliza kwa mchezo, «Kwenu mnafuga nini? Kuku? Paka?» Mtoto akanyamaza. Akatutazama sisi kwanza, kisha akamtazama yule mzee usoni, akasema, «Hatufugi kitu.» Alisema vizuri sana, bila kuinamisha kichwa. Tulikuwa tumemfundisha barabara.

Usiku ule hatukulala vizuri. Mtoto huyo akivunja sahani na kusema ni paka, twamkemea. Sasa amesema uongo mbele yetu, na sisi tumefurahi kwamba amefaulu. Je, kesho tutamkemea kwa kinywa gani?

Njia ya mwongo ni fupi. Siku ya 11 mwizi alipita nyuma ya nyumba kutafuta nguo kambani, na Bobi akafanya kazi yake. Alibweka mpaka taa za jirani zote zikawaka. Nguo zilisalimika. Asubuhi mwenye nyumba alikuwa mlangoni.

Hakupiga kelele. Alisema, «Mwalimu, juu ya mbwa tungezungumza. Mimi mwenyewe niliwahi kufuga. Lakini mtu aliyenidanganya juma la kwanza, atanidanganya na siku ya kulipa. Tafuta pengine.» Alizuia mwezi mmoja wa garanti, akaturudishia miwili. Hatukuwa na neno la kujibu.

Mama wa Panzi

Tulirudi Kadutu. Sasa hata kaka yetu alichoka. Alisema kwa upole, «Ndugu zangu, mbwa ni mbwa. Mpelekeni sokoni mapema, mwacheni, atapata mtu.» Kweli, ndivyo wengi wafanyavyo. Mjini wanaonekana mbwa wasio na mwenyewe wakizunguka takataka. Wengi wao walikuwa na jina zamani.

Mtoto wetu wa kwanza alisikia maneno hayo. Hakulia, hakubishana. Usiku alichukua mkeka wake akaenda kulala nje, mkono wake umeshika kamba ya Bobi. Asubuhi tulimkuta hivyo, amelowa umande. Hatukwenda sokoni.

Tulikubaliana jambo moja: tangu siku ile, neno la kwanza tutakalomwambia mwenye nyumba litakuwa «tuna mbwa». Kabla ya kazi, kabla ya watoto, kabla ya fedha. Akikataa, tumeokoa muda wake na wetu.

Hivyo tulifika Panzi, kwa mama mmoja mjane. Kiwanja chake kilikuwa na ua wa miti, nyumba yake mbele na nyumba ndogo nyuma. Tukasema, «Mama, shikamoo. Twatafuta nyumba. Tuna mbwa.»

Akajibu, «Basi hamna nyumba hapa.»

Zamani tungeondoka tukinung'unika. Safari hii bibi wa jamaa yetu alibaki amesimama, akasema, «Mama, utusamehe kuuliza. Mbwa wamekukosea nini?»

Yule mama alitazama kando. Kisha akatuambia tukae.

Alikuwa na mdogo wake kijijini. Mtoto wa kiume wa mdogo huyo, mwenye miaka 8, aliumwa na mbwa mguuni. Jeraha lilikuwa dogo, kama kukwaruzwa na mwiba. Waliweka majani, likapona. Mbwa alikufa, hakuna aliyefikiri. Miezi miwili ikapita. Ndipo mtoto akapata homa, akaona mguu ule wamwasha tena. Kisha akaanza kuogopa maji. «Aliomba maji,» mama alisema, «na kikombe kikimkaribia, koo lakaza, apiga kelele. Alikufa siku ya nne. Mimi ndiye niliyemshika.»

Tulinyamaza. Tulikuwa tumezunguka mji miezi mitatu tukisema moyoni kwamba wenye nyumba hawana huruma. Hatukuwa tumefikiri kwamba mtu aweza kukataa mbwa kwa sababu ya mtoto.

Tulichojifunza kwa mganga wa wanyama

Hatukumwomba nyumba siku ile. Tulimshukuru, tukaenda zetu. Lakini swali lilibaki nasi: je, Bobi wetu ni salama? Tulimpenda, tulimlisha mabaki ya ugali na vichwa vya samaki, watoto walilala naye. Chanjo alipata mara moja tu, alipokuwa mdogo. Tulikuwa tukidai haki ya mbwa wetu, na wajibu wetu hatukuutimiza.

Tulimpeleka kwa mganga wa wanyama. Alitueleza hivi, nasi twawaeleza wasomaji, maana jambo hili lahusu kila nyumba, yenye mbwa na isiyo na mbwa.

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vilivyomo katika mate ya mnyama mgonjwa. Vikiisha ingia katika jeraha, hutembea polepole ndani ya mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo huchukua mara nyingi miezi miwili au mitatu. Pengine huwa juma moja tu, pengine mwaka. Dalili zikiisha onekana, karibu kila mgonjwa hufa. Karibu watu wote wapatao ugonjwa huo, 99 katika 100, huupata kwa mbwa. Kwa hiyo mtu asidanganywe na jeraha dogo, wala na jeraha lililopona.

Lakini kuna njia ya kuuzuia. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda wa dakika 15 kamili. Kisha apelekwe kwa daktari siku ile ile apate chanjo. Tangu tarehe 6 Julai 1885, siku Louis Pasteur alipotumia chanjo yake huko Paris kwa mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, yajulikana kwamba aliyeumwa aweza kuokolewa, akitibiwa kabla ya dalili. Na mbwa mwenyewe achanjwe akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mbwa 70 katika 100 wakichanjwa mahali, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Bobi alichanjwa. Alipewa dawa ya minyoo. Tukapata kijitabu chenye jina lake, rangi yake, tarehe, na muhuri.

Mapatano

Juma moja baadaye tulirudi Panzi na kijitabu. Mama alimwita mpwa wake amsomee. Alisoma tarehe. Mama akasema, «Soma tena.» Akasoma tena.

Kisha akauliza maswali ambayo hakuna mwenye nyumba mwingine aliyetuuliza. Atafungwa wapi? Nani ataokota mavi yake? Wajukuu wangu wakija siku ya Jumapili, atakuwa wapi? Akibweka usiku, nani ataamka? Mkisafiri, nani atamlisha? Tulijibu moja moja. Swali ambalo hatukuwa na jibu lake, la safari, tulikubali kwamba hatujalifikiri, tukaomba siku mbili.

Mwishoni tuliandika mapatano. Kodi na garanti ziliandikwa juu, na hali ya kuta na milango. Chini tuliandika mambo matano juu ya mbwa: achanjwe kila mwaka na kijitabu kionyeshwe, mchana afungwe kwa kamba ndefu upande wetu, mavi yaokotwe na kufukiwa kila asubuhi, Jumapili asifunguliwe mpaka wageni wameondoka, akiharibu kitu, tulipe. Mama aliongeza la sita: tujaribu miezi mitatu, kisha tuzungumze tena. Mashahidi wawili walitia sahihi, na mkubwa wa avenue akaona.

Tuliingia mchana, mbele ya watu wote. Bobi alitembea kwa miguu yake.

Miezi mitatu ikapita. Mama hakumgusa Bobi hata siku moja. Akipita, alipita mbali, ameshika kitenge chake. Nasi hatukumwambia «usiogope, haumi». Twawaomba wenye mbwa waache neno hilo. Mtu aliyemshika mtoto wa mdogo wake akifa hawezi kuponywa hofu yake kwa neno kama hilo.

Mwezi wa Desemba, jioni moja, mbwa wa barabarani alimwuma mtoto wa jirani kwenye kifundo cha mguu. Watu walikusanyika. Mmoja alitafuta majani, mwingine alitaka kuweka mafuta ya taa. Mama wa Panzi alitoka mbio mpaka mlangoni kwetu, akaita, «Mwalimu! Yale maji! Dakika ngapi?»

Tukaleta sabuni. Yeye mwenyewe aliushika mguu wa mtoto chini ya bomba. Mtoto alilia, jirani walisema yatosha, damu imekwisha. Mama alikataa. Alimwambia kijana wetu atazame saa, asimamishe mtu yeyote kabla ya dakika 15. Kisha tulimpeleka mtoto kwenye kituo cha afya; chanjo haikuwapo. Tukaenda mahali pa pili, tukaipata. Gharama tuligawana na jirani. Mtoto alirudi mara zote alizoagizwa na daktari, naye alikua salama.

Usiku ule mama alikaa nje muda mrefu. Alisema neno moja tu: «Tungalijua.»

Neno kwa wenye nyumba na wapangaji

Kwenu mnaotafuta nyumba na mnyama: semeni kweli mapema. Mwenye nyumba asipokubali, si adui yenu. Kiwanja ni chake, na labda ana sababu isiyosemwa mbele ya wageni. Leteni kijitabu cha chanjo mikononi, msilete maneno matupu. Fikirini jirani, bomba na kamba ya nguo kabla hawajawauliza. Na kama hamwezi kumchanja mnyama na kumtunza, msimchukue kabisa. Kumpenda peke yake hakutoshi.

Kwenu wenye nyumba: mkikataa, kataeni wazi, lakini mkiweza, ulizeni kwanza. Maswali ya mama wa Panzi yalitufanya watu bora kuliko milango minne iliyofungwa. Wekeni masharti, yaandikeni, mpe mtu muda wa kujaribiwa. Mpangaji anayekubali kuokota mavi ya mbwa wake kila asubuhi, yaelekea hatawasumbua juu ya kodi.

Tulikaa Panzi miaka mitatu. Kila mwaka, mwezi ule ule, mama aligonga mlango wetu. Hakusema hodi ya kawaida. Aliuliza, «Kijitabu kiko wapi?» Tukampa, mpwa wake akasoma tarehe, naye akaitika kwa kichwa. Kisha alimtazama Bobi kutoka mbali, akaenda zake.